Kiroba cha Eliana

Jumatatu, siku ya kwanza ya mafunzo, saa mbili kamili asubuhi, walimu ishirini na wanne wa somo la muziki waliandika majina yao kwenye daftari la mahudhurio, wakapewa kila mmoja kalamu, maandazi mawili na chai ya rangi, kisha wakaambiwa wavue viatu.

Hapo kwenye viatu ndipo minong'ono ilipoanza. Ilikuwa likizo ya Juni, na baridi ya Juni pale Itigi haina utani: upepo unatoka vichakani umebeba vumbi, unapenya madirisha, na sakafu ya saruji inauma nyayo kama chuma cha reli. Shule yenyewe ni mojawapo ya zile za msingi za mji ule. Jina lake tuliache, maana wahusika wote bado wako kazini.

Mwezeshaji, Bi Amne, alikuwa mwanamke mwembamba mwenye ngoma ndogo kiunoni, na yeye alikuwa amevua viatu kabla ya kumwambia mtu. Alisema mtoto hafundishwi mdundo ubaoni. Mtoto anautembea, anauruka, anaucheza, na kichwa kinakuja kuelewa baadaye.

"Ngoma ikilia, tembeeni," alisema. "Ikinyamaza, gandeni. Ikirudi, mikono yenu iwe mvua."

Akaipiga. Walimu wakatembea kama watu wanaopeleka rambirambi. Ngoma iliponyamaza, haikuonekana tofauti kubwa kati ya walioganda na waliokuwa bado wanatembea. Kuhusu mvua, Mwalimu Peniel kutoka Misigiri, mwanamume mnene wa miaka hamsini na mbili, aliupunga mkono wake wa kulia mara moja, kama anayefukuza nzi, akaurudisha mfukoni.

"Jamani walimu wangu," Bi Amne akauliza, "mara ya mwisho mlicheza lini?"

"Mimi ni tangu nithibitishwe kazini," akasema Peniel.

Hakuna aliyecheka. Wengi walikuwa wanakumbuka ya kwao, na ilikuwa ileile.

Mwalimu mkuu wa shule, Mwalimu Chediel, alikuwa amesimama mlangoni na funguo zake. Alikuwa mtu wa msaada, hilo lazima lisemwe. Alikohoa akasema kwamba kama tatizo ni uhaba wa vifaa, mbona stoo vipo.

Stoo ile ilikuwa nyuma ya ofisi, na mtu yeyote wa mtaa ule alijua kilichomo. Utaratibu wa shule ulikuwa wa miaka mingi. Mtoto akichezacheza darasani, akitikisa mguu, akigonga dawati, akiruka pasipo ruhusa, mwalimu humwekea mkono begani na kumwambia, "Tulia." Kisha huuvuta mchezo wake polepole kutokea shingoni, kama unavyomvua mtoto sweta. Mchezo hutoka. Unatiwa kwenye ndoo ya darasa, na Ijumaa mwalimu wa zamu anauhamishia kwenye kiroba, anashona mdomo kwa sindano ya magunia na kuandika jina la mtoto kwa maka peni. Wazazi walikuwa wanalijua hilo na walikuwa wanalishukuru. Ukutani pale ofisini paliandikwa kwa rangi ya bluu: Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Kero moja tu ndiyo iliyowahi kufikishwa kwenye kamati ya shule, nayo ililetwa na mlinzi. Alisema panya wa stoo ile walikuwa wametoboa viroba viwili na sasa walikuwa wanaruka kamba alfajiri. Kamati ilinunua paka.

Basi viroba vikabebwa mpaka darasani, thelathini hivi, vingine vikijinyonganyonga njiani. Bi Amne alivitazama.

"Na wenyewe wanacheza na nini?" aliuliza.

"Wenyewe wanasoma," akajibu Mwalimu Chediel.

Bi Amne aliliandika jibu hilo kwenye daftari lake, akapiga mstari chini yake, akageuza ukurasa.

Walimu wakachagua viroba kama watu wanaochagua mitumba. Wakakata nyuzi, wakaivaa michezo iliyokuwamo. Ndani ya dakika kumi darasa lilikuwa halitambuliki. Mwalimu mmoja wa Unyambwa, mama mtu mzima mwenye kilemba, alikuwa anaruka kutoka dawati hadi dawati. Mwingine alikuwa amelala chini, anajiviringisha. Bi Amne akipiga ngoma, wanaikimbilia. Akinyamaza, wanaganda mguu mmoja juu, wanatetemeka kwa kuzuia kicheko. Kwa kweli ilipendeza.

Mwalimu Ritha ndiye aliyekuwa anamimina chai ya pili. Alikuwa mwenyeji, mwalimu wa darasa la kwanza pale pale shuleni, miaka kumi na moja kazini, na kwenye ratiba ya kufunga mafunzo siku ya Ijumaa alikuwa amepangwa kutoa neno la shukrani. Viroba havikumshangaza. Vingi alivishona yeye. Aliinua birika, akageuka kumtafuta Peniel ambaye kikombe chake kilikuwa kitupu, akamwona.

Peniel alikuwa anakuja kutoka upande wa ubao. Aliruka mara mbili kwa mguu wa kushoto, mara moja kwa wa kulia, akazunguka, akapiga kofi nyuma ya mgongo, halafu akainama akachungulia dunia kupitia katikati ya miguu yake, ulimi nje.

Birika likamtoka Ritha mkononi. Chai ikammwagikia miguuni, nyayo zikiwa tupu, na hakuisikia. Akashika ukuta. Mungu wangu. Aliujua mchezo ule. Aliujua kila hatua, hata lile kofi la mgongoni ambalo kila mara lilichelewa kidogo. Ulikuwa mchezo wa Eliana, mwanawe, wa kwenda bombani asubuhi na kidumu cha lita tatu. Kushoto, kushoto, kulia, zunguka, kofi, chungulia. Hakuwa ameuona kwa mwaka mmoja na nusu. Na kilichomkata maini hasa ni kwamba kwa mwaka mmoja na nusu hakuwa amegundua kuwa hauoni.

"Mwalimu umeungua?" Peniel akamuuliza, kichwa kikiwa bado chini.

"Sijaungua," akasema Ritha.

Alikwenda kukiokota kile kiroba alichokikata Peniel. ELIANA, kiliandikwa, DARASA LA KWANZA. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe, ule mzuri, wa kuandikia ubaoni.

Ilikuwa hivi. Pale shuleni mtoto wa mwalimu ndiye anayeanza. Iwe ni fimbo, iwe ni kufagia choo, anaanza yeye, ili mzazi asije akasema kuna upendeleo. Wiki ya kwanza ambayo Eliana aliingia darasa la kwanza, mbele ya watoto tisini na nne, Ritha alimwekea mwanawe mkono begani akasema, "Tulia." Alivuta. Mchezo ulitoka, ukaendelea kutoka, mrefu kama kamba ya kisima, mpaka wenzake wakaanza kuangalia pembeni. Ijumaa yake alilazimika kukikandamiza kiroba kwa goti ili mdomo ufungike. Mwalimu Chediel alimsifu mbele ya kikao cha wafanyakazi. Tangu siku ile Eliana amekuwa wa pili au wa tatu darasani. Nyumbani anakaa kwenye kigoda karibu na mlango, mikono juu ya magoti. Akiitwa anakuja, akipewa chakula anakula, akiambiwa alale analala. Majirani wakipita wanasema, "Hongera mwalimu, una mtoto! Hata akiwepo humsikii." Na Ritha alikuwa anajibu asante, tena kwa furaha.

Jioni ile alirudi nyumbani kwa haraka.

"Shikamoo mama," akasema Eliana kutoka kwenye kigoda.

"Marahaba mwanangu. Hebu simama. Ruka kidogo, mama nikuone."

Eliana akasimama. Akaruka mara moja, wima, mikono imenyooka ubavuni, akatua palepale alipokuwa.

"Niruke mara ngapi?" akauliza.

Ritha alikwenda jikoni, akajifanya anapepeta mchele, akalia mpaka pua ikaziba.

Asubuhi ya Jumanne alikuwa mlangoni kwa mwalimu mkuu kabla hajafungua kufuli. Alimwonyesha kile kiroba kitupu, akasema anaomba mchezo wa mtoto wake. Mwalimu Chediel alimsikiliza vizuri, hata kiti alimvutia.

"Sikatai," alisema. "Lakini Mwalimu Ritha, mwandiko huu ni wa nani?"

"Ni wangu."

"Basi. Nikikupa wewe leo, kesho mzazi gani nitamnyima? Na mafunzo yanaendelea, Peniel ameshauzoea, ukimvua sasa utamharibia. Subiri. Ijumaa, shughuli ikiisha, viroba vikirudi stoo, cha kwako kitapotea njiani. Mimi sitaona, wewe hutasema. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mwalimu mkuu. Mungu akubariki."

Siku tatu zile zilimwendea Ritha polepole kuliko treni ya mizigo. Alimfuata Peniel kila kona. Alimwomba asiruke na mchezo penye misumari, asikae nao juani. Peniel alikuwa muungwana. Alimwahidi kuuvaa kwa adabu, ingawa ulimbana makwapani, na alimsimulia kwamba usiku uliopita alimpigia simu mke wake Misigiri bila sababu yoyote, wakacheka mpaka salio likaisha. Bi Amne alijaza kwenye taarifa yake kwamba ushiriki umeongezeka kwa kiwango cha kuridhisha. Jioni, Ritha alimweleza Eliana kwamba Ijumaa mama atakuja na kitu. Eliana alisema sawa mama.

Ijumaa ikafika. Wakafunga turubai uwanjani, wakapanga viti vya plastiki, na meza ya mbele ikatandikwa kitambaa cha maua. Mgeni rasmi alikuwa anatoka Singida mjini, mzee mzito mwenye cheo kirefu ambacho mshereheshaji alikirudia mara tatu kwa kukosea. Alitarajiwa saa nne, akafika saa saba, akasingizia barabara. Walimu wakaonyesha walichojifunza. Wakatembea na mdundo, wakaganda, mikono ikawa mvua, tena mvua kweli, ya kuanza kwa matone na kuishia kwa mafuriko. Peniel akatoka mbele peke yake na kushoto-kushoto-kulia yake, watu wakampigia vigelegele.

Mgeni rasmi alikuwa amejisogeza mpaka ukingoni mwa kiti.

"Na mimi nijaribu," akasema.

Peniel akamtazama Ritha. Ritha akamtazama Mwalimu Chediel. Mwalimu Chediel alikuwa anatabasamu, akimtazama mgeni rasmi. Peniel akauvua mchezo, akaukabidhi kwa mikono miwili.

Mzee yule aliuvaa juu ya koti. Mwanzoni alisimama tu, kama anayesikiliza tumbo lake. Kisha akaruka. Kushoto, kushoto, kulia. Tai ikamrukia begani. Akazunguka, akapiga kofi nyuma ya mgongo, limechelewa kidogo, akainama akauchungulia mkutano mzima kupitia katikati ya miguu yake, ulimi nje. Alicheka mpaka machozi yakamtiririka kuelekea kwenye nywele.

"Huu," akasema akihema, "huu nimeupenda."

Sasa mtu akiwa si wa huku hataelewa uzito wa neno lile. Kwa heshima ya pale, mgeni akikisifia kitu mbele za watu, kinakuwa chake. Akisifia jogoo, jogoo anafungwa miguu. Mwenyekiti wa kamati ya shule, mzee wa haki kabisa, alisimama papo hapo.

"Afungiwe," akasema.

"Msihangaike kufunga," mgeni rasmi akasema. "Nitaondoka nao hivi hivi."

Wakampa na ndoo ya asali.

Ritha alitaka kupiga kelele. Ndipo mshereheshaji akasoma kwenye karatasi: neno la shukrani, Mwalimu Ritha. Akapewa kipaza sauti. Alisimama. Alikuwa na maneno manne tu kichwani, huo ni wa mwanangu, na aliyapanga moja baada ya jingine kwenye ulimi. Watu mia mbili walikuwa wanamtazama. Mwalimu Chediel alimtazama na yeye, kwa upole, kama mtu anayemtazama mtoto aliyekaribia kumwaga maji. Kisha Ritha akaisikia sauti yake ikitoka kwenye spika, safi, haina hata mkwaruzo.

"Mgeni rasmi, kwa niaba ya walimu wenzangu, tunakushukuru sana kwa kutuheshimu. Naomba tumpigie makofi ya kilo."

Makofi ya kilo yakapigwa. Hata yeye alipiga. Alistuka kuliona kofi lake linaangukia sawasawa kwenye mdundo, kama walivyofundishwa. Mgeni rasmi akaenda kwenye gari kwa kushoto-kushoto-kulia, dereva akamfungulia mlango, na vumbi la gari likakaa juu ya uwanja kwa muda mrefu. Wiki mbili baadaye ilisikika kwamba alikuwa ameruka mitaro yote ya stendi ya Singida, na wafanyakazi wake walisema mzee amekuwa mchangamfu.

Viroba vingine vikarudishwa stoo, vikashonwa upya. Ritha alibaki na kile kitupu, na cheti chake cha ushiriki. Alivipeleka nyumbani vyote viwili.

Eliana alisimama kumpokea. Aliangalia ndani ya kiroba, akaona hakuna kitu. Akakitandika kwenye kigoda, akakikunja vizuri, pembe kwa pembe, mpaka kikawa mraba mdogo wenye jina lake juu.

"Nikiweke wapi, mama?"

"Kitie kwenye mkoba wangu," akasema Ritha, kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kumwambia.

Shule ilifunguliwa Julai. Ratiba mpya ilibandikwa ofisini, na mbinu za uchezaji zilipewa nafasi: Ijumaa saa nane mchana, kama hakuna kikao. Darasa la kwanza walikuwa tisini na nane sasa. Dawati la tatu alikaa Filipo, mtoto wa mama mmoja anayeuza chai na chapati kwa abiria pale stesheni. Filipo alikuwa anapiga dawati. Alipiga kwa vidole viwili vya mkono wa kushoto, kisigino kikijibu chini, na alipiga vizuri. Bi Amne angemkumbatia. Watoto sita wa jirani walishaanza kutikisa mabega. Ritha aliacha kuandika. Alisimama akisikiliza, chaki hewani, na alijua kabisa anachopaswa kufanya, alikuwa na cheti cha kufanya hivyo.

Mwalimu Chediel alipita dirishani. Alipunguza mwendo.

Ritha akaenda mpaka dawati la tatu. Akaweka mkono.

"Tulia," akasema.

Mchezo wa Filipo ukatoka, wa moto, uzito wa kuku mtetea. Filipo akaweka mikono juu ya magoti. Ritha alisimama nao kifuani huku unamgongagonga mbavu. Ndoo ya darasa ilikuwa pale kwenye kona. Mkoba wake ulikuwa mezani, na ndani ya mkoba mlikuwa na kiroba kilichokunjwa, tayari kimeandikwa jina. Hakuhitaji hata maka peni.

Jioni alimvisha Eliana mchezo ule mbele ya kioo kidogo cha sebuleni. Ulimtosha, isipokuwa mabegani. Eliana alitazama mikono yake. Kisha akakaa mezani, akaanza kupiga, kwa vidole viwili vya mkono wa kushoto, yeye ambaye tangu azaliwe anatumia wa kulia. Kisigino kikajibu chini. Vikombe vikalia kwenye sahani zake. Akainua uso, akamtazama mama yake, akacheka, na meno mawili ya mbele hayakuwepo. Yaling'oka lini, Ritha hakujua. Alimkumbatia kwa nguvu, akacheka naye, na huku anacheka alikuwa anajichukia kiasi ambacho hajawahi kujichukia.

Hodi ikapigwa. Alikuwa mama Filipo, kitenge kiunoni, na sahani ya chapati imefunikwa.

"Karibu, mama Filipo."

"Sikai, mwalimu. Nimekuja kushukuru tu. Yule mtoto alikuwa ananitoa roho! Masufuria, meza, mpaka mgongo wangu nikiwa nimelala, anapiga. Leo amerudi, amekaa kimya, amekula, ametulia tuli. Nimeuza chai kwa raha. Mungu akuzidishie."

"Amina," akasema Ritha.

Nyuma yake meza ilikuwa inalia. Mama Filipo akainamisha kichwa kidogo. Kisigino chake cha kulia kilikuwa kinajibu chini, chenyewe, pale kizingitini.

"Eliana naye ameanza?"

"Ameanza."

"Kama wangu vile vile." Akasikiliza tena kidogo, uso ukalegea, halafu akacheka na kumsukumia Ritha sahani mikononi. "Mtulize mapema, mwalimu. Wewe si ndiye unayejua."

"Nitamtuliza," akasema Ritha, akaipokea sahani kwa mikono miwili.